Kusafiri kwa kinga katika theluji: namna ya kuchagua vyombo na kuvifunga

Tangu mwanzo wa muhula huu kuna picha moja inayopita toka darasa hadi darasa. Ni picha ya mtu wa Alaska juu ya kinga yenye mipira minene kama ya pikipiki, theluji pande zote, na mifuko imefungwa mahali pote: mbele, nyuma, katikati ya kadri, hata chini kwenye uma wa gurudumu la mbele. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanasema ni mambo ya sinema. Wakubwa wengine wanasema mtu yule ana wazimu, basi. Tuliombwa kueleza jambo hili katika karatasi yetu, na sisi wa mwaka wa mwisho tunakubali kwa furaha. Mambo ya kufunga mzigo juu ya kinga hakuna mgeni wa kutufundisha sisi. Kila njia ya soko inatuonyesha. Lakini mzigo wa theluji una sheria zake mwenyewe. Mtu akichagua vibaya huko, hapotezi viazi tu. Anapoteza vidole, na pengine anapoteza uhai. Mwaka 2018, katika mbio za Yukon Arctic Ultra kule Kanada, baridi ilishuka sana, na mshindani mmoja aliyekwenda kwa miguu alikatwa viungo vya mikono na miguu juu ya kuganda.

Kwanza tufahamu ni baridi gani tunayosema. Neno theluji tunalijua katika Biblia, na wenzetu wa upande wa Beni na Mutwanga waliiona kwa macho, mbali kule juu ya Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika metre 5,109 (ingawa barafu ya pale inapungua mwaka kwa mwaka). Lakini kuiona toka mbali ni kitu kimoja, kulala ndani yake ni kitu kingine. Samaki wa frigo wanaouzwa mjini wanagandishwa kwa digrii 18 chini ya sifuri. Basi katika Alaska, mwezi wa pili, usiku unaweza kushuka hadi digrii 30 au 40 chini ya sifuri, na msafiri wa kinga analala nje. Yaani frigo ile ya samaki ingekuwa kwake nyumba ya joto! Wanafunzi wa fizike waandike hii katika daftari: kwa −40 kipimo cha Celsius na kile cha Fahrenheit vinakutana, na zebaki ya kipimo imekwisha kuganda tangu −39.

Tena kuna upepo. Hewa ikiwa −20, na upepo ukienda kilomita 20 kwa saa, ngozi isiyofunikwa inasikia kama −30. Na mwenye kinga anajifanyia upepo mwenyewe, maana anaposhuka mlima hakosi kilomita 20 kwa saa.

Juu ya nini basi mtu apande kinga kule? Jambo hili si la jana. Mwaka 1899 dhahabu ilionekana katika mchanga wa pwani kule Nome, mwisho kabisa wa Alaska, na watu waliokuwa Dawson, nchini Kanada, wakataka kufika mbele ya wengine. Barabara haikuwako. Njia ilikuwa mto Yukon wenyewe, umeganda, na juu yake mstari mwembamba ulioshindiliwa na sleji za mbwa. Wenye mbwa walikwenda na mbwa. Wasio na mbwa walikwenda kwa miguu. Na wachache walinunua kinga.

Mmoja aliitwa Ed Jesson. Aliondoka Dawson mwezi wa pili wa mwaka 1900, na siku moja baridi ilifika karibu −44. Mipira ya kinga yake ikawa migumu kama chuma, mafuta ndani ya magurudumu yakaganda, na kinga ikakataa kwenda. Wa pili ni Max Hirschberg. Yeye alitaka kuondoka mapema na sleji, lakini alikanyaga msumari wakati wa kuzima moto wa nyumba, damu ikaharibika, akalala mgonjwa. Alipopona, siku za sleji zilikuwa zinakwisha. Akapanda kinga tarehe 2 Machi 1900, peke yake, akafika Nome tarehe 19 Mei. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,600.

Tunamtaja Hirschberg kwa sababu aliacha maandishi juu ya vitu alivyobeba, na orodha yake ni somo zuri. Mwilini: shati la flanela, suruali nzito, koti nene la sufu, na juu yake vazi la kukinga upepo, soksi mbili mbili za sufu, viatu virefu vya sufu iliyoshindiliwa, kofia ya manyoya ya kufunika masikio, kitambaa cha manyoya cha kufunika pua, na glavu za manyoya. Mbele, juu ya gidoni, alifunga blanketi kubwa la manyoya. Nyuma ya kiti alifunga mfuko wa turubai wenye shati, soksi, nguo za ndani, viberiti, na daftari ndani ya kifuniko kisichopitisha maji. Mfukoni alikuwa na saa na kisu kidogo. Dhahabu yake ilikuwa katika kifuko, na pesa nyingine zilishonwa ndani ya mshipi kiunoni.

Angalieni vema: hakuna sufuria, hakuna hema, hakuna jiko. Je, alisahau? Hapana. Njiani kulikuwa na nyumba za wasafiri, alilala humo na kula humo. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye kufunga mzigo ni hili: nitalala wapi? Mtu asiyejibu swali hili anabeba vitu vingi visivyo na kazi, na kile kimoja cha lazima kinabaki nyumbani. Hata hivyo mto ulimshinda Hirschberg mara moja. Karibu na mwisho wa safari, barafu ikiwa imeanza kuyeyuka, alianguka katika maji ya mto Shaktoolik, akaponea chupuchupu, lakini saa na kifuko cha dhahabu vilikwenda. Mshipi wa kiunoni ulibaki. Kiisha mnyororo wa kinga ukakatika; akafunga koti lake juu ya fimbo kama tanga la mtumbwi, na upepo ukamsukuma juu ya barafu. Sisi tunasema mtu huyu alikuwa fundi.

Siku hizi zile nyumba za wasafiri zimepotea karibu zote, na watu wanakwenda kule kwa mashindano au kwa kupenda tu. Kuna mbio za Iditarod Trail Invitational, zinazoanza upande wa Anchorage mpaka McGrath, karibu kilomita 560, na wenye nguvu wanaendelea mpaka Nome, kilomita 1,600 hivi. Kuna tena Arrowhead 135 katika jimbo la Minnesota, kilomita 217, iliyoanza mwaka 2005 na inayofanyika mwezi wa kwanza, maana ndio mwezi wa baridi kali. Mbio za Arrowhead zina orodha ya vitu vya lazima, asiye navyo haruhusiwi kuanza: mfuko wa kulalia unaofaa hadi −29, godoro jembamba la kuzuia baridi ya chini, hema au gunia la kulalia nje, jiko na mafuta yake, sufuria, kiberiti, chombo cha maji kisichoganda cha karibu lita 2, taa, vitambaa vya kung’aa, filimbi. Na chakula cha kilokalori 3,000, ambacho mtu lazima awe nacho hata anapofika mwisho wa mbio! Sheria hii ilituchekesha kwanza, kiisha tukafahamu. Chakula kile hakikuwekwa kwa kuliwa. Kimewekwa kwa siku mambo yanapoharibika, na mwenye kukila bila shida hana kitu tena siku ya shida. Ile filimbi nayo inafungwa shingoni kwa kamba, juu ya sababu moja ya ajabu: katika baridi ile midomo inakufa ganzi, mtu hawezi kupiga kelele ya kuomba msaada.

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Wengi wetu tungefikiri kwamba kazi ni kuvaa makoti mengi. Sivyo. Wanaojua nchi ile wanasema adui wa kwanza ni maji, na maji yale yanatoka katika mwili wa msafiri mwenyewe. Kusukuma kinga katika theluji ni kazi nzito, mtu anatoka jasho hata kwa −30. Nguo zinaloa. Anaposimama, kazi inakwisha na joto linakwisha, lakini maji yanabaki. Maji yanapitisha joto kushinda hewa karibu mara 25. Tena kila gramu ya jasho inayokauka juu ya ngozi inaiba karibu joule 2,400 za mwili. Basi mtu aliyevaa makoti matano yenye jasho ni kama mtu aliyevaa mto. Wenzetu wanaosukuma kinga za makala katika milima ya Lubero wanajua kidogo habari hii: unapopanda unaloa jasho, na unaposhuka upepo unakata kifua mpaka unakohoa. Wao wanafika kijijini jioni na kukaa karibu na moto. Yule wa Alaska hana kijiji.

Toka hapo sheria zote za nguo zinaonekana. Mtu anaanza safari akisikia baridi kidogo, maana baada ya dakika 10 atapata joto. Akisikia jasho linaanza, asimame avue kimoja. Hata kama ni kupoteza wakati, asiseme nitavua mbele. Nguo ya pamba hapana! Pamba inanywa maji kama kitambaa cha kusafisha sakafu na haikauki. Suruali ya jinzi, ambayo vijana wa kwetu wanaipenda mno, kule ni hatari. Chini ya yote wanavaa sufu nyembamba au kitambaa cha sentetiki, kiisha triko ya sufu, kiisha koti jepesi la kuzuia upepo ambalo linapitisha mvuke. Na kuna koti moja kubwa lililojaa manyoya laini ya bata, ambalo halivaliwi wakati wa kwenda hata kidogo. Ni la kuvaa pale pale unaposimama, kabla joto halijatoka. Manyoya ya bata yana joto sana na uzito mdogo, lakini yakiloa yanalala chini na hayana nguvu tena. Kwa hiyo yanalindwa na jasho kuliko vitu vyote.

Miguu inaomba akili nyingine. Wanavaa viatu vikubwa kupita kipimo chao, ili soksi nene ziingie na damu ipite. Kiatu chenye kubana kinaleta baridi kuliko kiatu chembamba. Na hapa kuna ufundi mmoja ambao hauombi pesa: soksi nyembamba kwanza, juu yake sashe ya plastiki, kiisha soksi nene. Mguu unaloa kidogo ndani ya sashe, ndiyo, lakini soksi nene inabaki kavu, na soksi kavu ndiyo yenye joto. Sashe ya mkate inatosha. Pedali ni za kawaida, za kukanyaga tu; zile za mashindano zinazoshika kiatu kwa chuma hazipendwi sana, maana chuma kinavuta joto la unyayo. Kwa mikono, juu ya gidoni wanafunga mifuko miwili mikubwa yenye sufu ndani, mkono unaingia humo kama ndani ya nyumba yake, na glavu nyembamba zinatosha. Glavu nene peke yake hazifai: haziwezi kukamata freni vizuri.

Juu ya kinga yenyewe tutasema machache. Theluji inaichukua mipira myembamba kama matope ya mwezi wa nne. Ndio maana ya ile mipira minene ya picha: upana wake ni inchi 4 hadi 5. Mwanzo, katika miaka ya 1980, watu wa Alaska waliunganisha rimu mbili pamoja kwa mkono ili zipate upana. Kiisha viwanda vikafuata, na mwaka 2005 kinga ya Surly Pugsley ikaanza kuuzwa popote. Mipira hii haijazwi sana. Kinga ya kwetu inapigwa pompi mpaka bar 3 au 4. Ile ya theluji inakwenda na bar 0.3 au 0.5, laini kama godoro, ili ikae juu bila kuzama.

Wanafunzi wa fizike, tunawapa zoezi. Mtu anapiga pompi ndani ya nyumba, kwa digrii 20, mpaka bar 0.4. Anatoka nje kwa −30. Mpira utabaki na kiasi gani? Hewa ya ndani ni bar 1 ya anga pamoja na 0.4, yaani 1.4, tunazidisha kwa 243, tunagawanya kwa 293, tunapata 1.16. Tukitoa bar 1 ya anga, inabaki 0.16 tu. Mpira umeisha hewa bila tundu hata moja! Kwa hiyo wanapiga pompi nje, baada ya kinga kupoa, na pompi haikai mbali. Grese nzito inatolewa katika magurudumu na mafuta mepesi yanatiwa mahali pake. Jesson angependa sana kujua hilo. Gundi ya kubandika viraka inakataa kukauka katika baridi, kwa hiyo wanabeba mpira wa ndani mzima.

Maji na moto ndiyo sehemu inayowadanganya watu. Theluji iko pande zote, na bado mtu anaweza kufa kiu. Kula theluji ni kosa: gramu moja ya barafu inaomba kalori 80 ili iyeyuke tu, kabla ya kupata joto lolote, na kalori hizo zinatoka tumboni mwako. Basi jiko ni lazima. Jiko la gesi ya butane halifai, kwa kuwa butane inaacha kuwa mvuke karibu na digrii 0, inabaki maji ndani ya chupa. Wanachukua jiko la esanse, lenye pompi ndogo. Lakini esanse yenyewe ni hatari kubwa: haigandi kwa −30, nayo ina baridi ile ile, na ikimwagika juu ya mkono mtupu inauchoma ngozi kwa baridi mara moja. Kwa hiyo wanaijaza na glavu mikononi. Katika sufuria wanaacha maji kidogo chini, kiisha wanatia theluji polepole. Sufuria ya theluji kavu peke yake inaungua.

Maji ya moto yanatiwa katika termosi. Ile ya pili, chupa ya kawaida, inavishwa soksi na kufungwa kichwa chini. Juu ya nini kichwa chini? Barafu inaelea. Maji yanaanza kuganda upande wa juu, na kama mdomo wa chupa uko chini, mdomo hauzibwi. Tulipenda sana akili hii. Chakula ni kile chenye mafuta: siagi, karanga, jibini, nyama kavu, maana gramu ya mafuta inatoa kilokalori 9 na gramu ya sukari 4. Chokoleti inakuwa jiwe, inaweza kuvunja jino. Wanaikata vipande vidogo nyumbani, na wanajaribu kila chakula kwanza katika frigo.

Sasa kufunga. Mfanyabiashara wetu anasukuma kilo 150 za viazi na anafika. Msafiri wa theluji, pamoja na chakula na mafuta, mara nyingi anabeba kilo 15 au 20 tu, lakini lazima aweze kupanda na kuendesha, kushuka na kusukuma katika theluji ya magoti, mara 50 kwa siku. Gunia la kwetu linafunguliwa mara moja, sokoni. Mifuko yake yeye inafunguliwa njiani, usiku, na vidole vilivyokufa ganzi. Kwa hiyo kila kitu kinapewa mahali kufuatana na swali: nitakihitaji saa gani, na mikono yangu itakuwa namna gani saa ile?

Kitanda kinakwenda mbele, juu ya gidoni, mahali pale pale pa blanketi la Hirschberg. Mfuko wa kulalia, godoro na gunia la nje vinakunjwa pamoja, kama furushi moja. Mtu aliyeanguka katika maji hana nafasi ya kutafuta godoro nyuma na mfuko mbele. Anafungua mikanda miwili, anatupa furushi chini, anaingia. Na kuanguka katika maji si hadithi: kule Alaska maji yanatoka wakati mwingine juu ya barafu ya mto na kujificha chini ya theluji, mtu anayaona akiwa ameisha kuingia. Wengine wanabeba mifuko mirefu ya plastiki ya kuvaa miguuni mpaka mapajani kwa kuvuka maji hayo. Hiyo inafungwa juu kabisa, nje, si ndani.

Vitu vizito, yaani jiko, vyombo vya kutengeneza kinga, termosi, vinakwenda katikati ya kadri, chini. Esanse inakaa mbali na chakula, katika chupa yake nje. Tone moja katika siagi ni chakula cha siku nzima kimekwenda. Nyuma ya kiti ni nguo, na lile koti kubwa la manyoya linawekwa mwisho ili litoke la kwanza. Nguo za kulalia, hasa soksi, zinafungwa katika sashe mbili na hazivaliwi njiani kamwe, hata kama zile za mchana zimeloa. Wengi wanaacha portebagaje nyumbani na kufunga mifuko juu ya kinga yenyewe kwa mikanda, kwa kuwa skrubu zake zinalegea na mifuko ya pembeni inakokota theluji. Wengine wanaitumia bado, na hatuoni ubaya.

Vitu vidogo havikai katika mifuko ya kinga. Mawe ya tochi yanapoteza nguvu katika baridi, kwa hiyo yanakaa ndani ya nguo, karibu na kifua. Yale ya lithiamu yanavumilia zaidi. Kiberiti kimoja mfukoni na kingine katika mfuko wa jiko. Miwani ya giza, maana jua juu ya theluji linachoma macho mpaka mtu haoni. Filimbi tumekwisha kusema.

Usiku, mtu anapoingia katika mfuko wa kulalia, asipumue ndani yake. Pumzi ni maji pia, na asubuhi mfuko unakuwa mzito wa barafu. Chupa ya maji ya moto inaingia pamoja naye, na viatu vya ndani pia, ili asubuhi viingie mguuni.

Mwisho ni majaribio. Kabla ya kuondoka, wenye akili wanalala usiku mmoja nyuma ya nyumba yao na mzigo wote, katika giza, mlango ukiwa karibu. Wanafungua kila mfuko na kuufunga tena wakiwa wamevaa glavu. Mikanda ya plastiki inayovunjika inaonekana usiku ule. Zipu zote zinafungiwa kamba fupi ili kidole kinene kiweze kuzivuta. Mfuko ambao hata kwa kamba haufunguki na glavu, wanauacha nyumbani.